Bati la Sebuleni

Mtaa wetu una betri moja ya nyumba kumi na sita. Kila nyumba ina seli yake ukutani, na umeme wake hutoka humo. Jua likichaji, seli zote lazima zilingane. Nyumba iliyotangulia kujaa huchoma ziada yake kwenye bati la chuma lililofungwa ukutani sebuleni, joto tupu, mpaka iliyo nyuma iifikie.

Iliyo nyuma ni yangu. Mashine inayompumulia mume wangu, Mrisho, haizimwi hata dakika moja. Kwa hiyo bati langu halijawahi kupata joto miaka miwili sasa, na wenzangu wanaiva majumbani mwao. Watoto wao wametoka vipele mwili mzima. Hakuna aliyenitukana. Wananisalimia tu, kwa upole unaonitia hofu.

Leo mchana Mama Shija, jirani wa ukuta kwa ukuta, alikuja na uji.

"Nyamizi, umetoka lini wewe? Nenda sokoni, ukanyooshe miguu. Mgonjwa nitamwangalia mimi."

"Mashine usiiguse, tafadhali."

"Kwani mimi mtoto?"

Nikaenda. Niliporudi saa kumi, majirani waliokaa barazani walinisalimia wote kwa pamoja.

Mama Shija alikuwa jikoni kwangu, anaosha bakuli la uji.

"Amelala," alisema bila kugeuka.

Sikwenda chumbani. Niliweka kiganja kwenye bati la sebuleni, nikakitoa haraka. Lilikuwa la moto.