Printa ya Upande wa Pili

Playwudi ilikuwa imeshapigiliwa katikati ya duka pale Mohoro. Sasa ndugu wawili walitaka na intaneti igawanywe.

Muzdalifa, fundi wa mitandao kutoka Kibiti, aliwasikiliza mmoja mmoja, maana wenyewe walikuwa hawasemeshani tangu Ramadhani. Bwanaheri, yule mkubwa, alitaka duka la marehemu baba yao lihamie Kibiti. Twalibu akagoma. Yakatoka maneno ambayo hayarudishiki.

Fundi alifanya kazi yake. Swichi ileile moja ya kuunganishia kompyuta akaigawa kuwa VLAN mbili, yaani mitandao miwili: nyaya hazikuongezeka, ila kompyuta za upande huu hazikuona tena za upande ule. Kitu kimoja tu alikiacha kitumiwe na wote, printa, kwa kuwa ilikuwa moja na ilikaa kwa Bwanaheri. Akampa kila mmoja neno lake la siri la kuingilia kwenye mipangilio, akaondoka.

Wiki tatu baadaye dada yao, Zamda, alimpigia simu. Alisema Bwanaheri amemfungia mdogo wake printa. Kila mteja akileta fomu, Twalibu hulazimika kuzunguka nje na flashi mkononi, apige hodi kwa kaka yake na kuomba. Zamda alikwenda kumsuta Bwanaheri, naye akaapa hajagusa kitu.

"Mtu mzima anadhalilishwa," alisema Zamda. "Njoo umfungulie."

Muzdalifa alifika kesho yake asubuhi, Zamda akampokea. Kiti cha Twalibu kilikuwa kitupu, amekwenda kuchapisha. Mteja wake alisubiri kwenye benchi, na kusubiri kwenyewe kulikuwa kurefu. Nyuma ya playwudi Bwanaheri alisikika akiuliza kama mpunga wa mama umeshavunwa, na Twalibu akimjibu taratibu, bila haraka ya mteja.

Fundi akakaa kwenye kompyuta ya Twalibu, akafungua kumbukumbu za swichi. Printa ilikuwa imeondolewa upande huu siku ya pili tu baada ya yeye kuondoka. Aliyeiondoa alitumia kompyuta hiyohiyo, na neno la siri la Twalibu.

Alipoinua macho, Twalibu alikuwa amesimama kando yake, karatasi bado ina joto mkononi. Alimtazama Zamda pale mlangoni, akashusha sauti.

"Fundi, mwambie dada yangu imeshindikana."