Picha ya Binti wa Bi Kibibi

Mwanahawa, msanifu wa duka la uchapaji, alikuwa akiiandikia akili bandia maelekezo ya kutoa nakala ndogo za picha kwenye programu ya usanifu. Aliandika kwamba kila picha ipunguzwe ukubwa, kisha ihifadhiwe. Alisahau kuandika kwamba ipewe jina jipya, isichukue nafasi ya ile ya asili. Alipoyajaribu maelekezo, mashine ilitii, ikazifuta picha zote za asili na kubakiza vijipicha.

Asubuhi Bi Kibibi alifika kuchukua picha ya ukutani ya bintiye, aliyezikwa mwezi uliopita. Mwanahawa akaikuza kwenye kioo cha kompyuta. Uso ukageuka vipande vya rangi.

"Nitumie tena, mama. Ile ya kwenye simu."

"Simu iliibiwa, mwanangu. Nilijua wewe unayo."

Mwanahawa akabofya kurudisha, akabofya tena, wapi. Akamweleza yote.

Bi Kibibi hakumlaumu. Alirudi nyuma kidogo, akakaza macho.

"Usizime," alisema. "Nikisimama mbali hivi, kama namwona."

Akazidi kurudi nyuma, mpaka akatoka mlangoni, akasimama juani.