Kichwa cha Shomari Kimelindwa

Tangu sheria mpya ianze, madereva wa magari ya mbio yasiyo na paa walivaa helmeti msimu mzima, hata mezani na kitandani. Vifo viliisha. Rukaya alishukuru, ila helmeti ya mumewe, dereva Shomari, hakuiamini. Alipomwambia kwamba binti yao ameanguka na kuvunjika mkono, Shomari alijibu, "Vizuri, Mama Latifa," akaendelea kula.

Kisha simu ikaja kutoka Korogwe. Rukaya akaketi karibu naye, akamshika mikono.

"Baba Latifa, mama yako amefariki."

"Msalimie sana. Mwambie nitakuja msimu ukiisha."

Rukaya akarudia kwa kupiga kelele, jibu likawa lilelile. Akampigia simu fundi wa timu.

"Shemeji, ile helmeti inazuia kila pigo la kichwa," fundi alisema. "Hata la maneno."

"Basi mvueni, akamzike mama yake!"

Fundi akajibu, "Sheria inataka aombe mwenyewe."

Rukaya akamgeukia mumewe. "Omba wakuvue. Nakusihi."

Nyuma ya kioo cha helmeti, Shomari alitabasamu kwa upole. "Nivuliwe? Kwani kumetokea nini?"