Swali la Tatu

"Mashine yenu imemuua mke wangu!" Machibya alisema, akapiga meza ngumi.

Walikuwa wametoka Sapiwi kwa pikipiki, yeye na shemeji yake Luhaga, kaka wa marehemu Kwandu. Njiani Luhaga alilisifu shamba la Machibya, kwamba pamba yake imewahi kuchanua kuliko ya majirani wote. Machibya aliongeza mwendo.

Wakubwa waliokata utepe siku ya kuzindua ile namba ya kuitia gari la wagonjwa hawakuonekana ofisini. Ndivyo walivyo. Walimwacha Januarius, aliyeandika programu yake. Huyu alisoma falsafa seminari, kisha akakimbilia kompyuta.

"Pole, baba. Simu inauliza maswali matatu. Mtu anabonyeza moja kwa ndiyo, mbili kwa hapana. Programu inafuata majibu."

"Binadamu ni ndiyo na hapana? Hayo ndiyo mliyofundishwa na mapadre?"

"Seminari tulibishana miaka mitatu, kweli ni nini. Kompyuta haibishani. Ukiiambia ndiyo, kwake hiyo ndiyo kweli."

"Wewe padri mtoro, acha mahubiri," Luhaga alisema. "Tusomee. Wakubwa zako tutawapeleka mahakamani."

Machibya alimshika mkono. "Shemeji, twende. Watatudanganya tu hawa."

"Asome!"

Januarius aliigeukia skrini. "Tarehe kumi na nane Novemba, saa mbili asubuhi. Mgonjwa ni mjamzito? Ndiyo. Anatoka damu? Ndiyo. Anaweza kutembea?" Aliweka kidole kwenye skrini. "Ndiyo. Hapo programu ikasema aende zahanati mwenyewe. Ingekuwa hapana, gari lingeondoka saa ileile."

"Uongo!" Luhaga alisimama. "Dada yangu alikufa siku hiyohiyo. Atembee vipi? Shemeji, waambie mashine yao imeandika uongo!"

Januarius naye alimtazama Machibya. Macho yake yalikuwa yanaomba aambiwe kwamba kosa ni la programu yake.

"Baba, alikuwa anatembea?"

Machibya alivua kofia. Akaikunja, akaikunjua.

"Haikudanganya," alisema, akiiangalia sakafu. "Alikuwa anatembea. Alikuwa mbele yangu, ameshika kamba ya maksai. Plau ilikuwa ya kuazima, ya siku moja. Nilibonyeza kwa mkono mmoja, wa pili sikuutoa kwenye plau."