Diski ya Kumwashia Babu

Wazee siku hizi huwashwa asubuhi kama kompyuta, na babu yangu alikuwa akichukua dakika nane kuamka. Baraza la familia, yaani mimi niliyerudi likizo kutoka bwenini, likamchagulia diski mpya ya bei nafuu: ndogo, ya kuamkia tu. Kumbukumbu zilibaki kwenye diski yake kuukuu.

Sasa Babu huamka papo hapo, ila kumbukumbu humfikia dakika moja baadaye. Dakika hiyo humkodolea Bibi macho. “Binti, umeposwa?”

“Bado,” Bibi hujibu, akificha kicheko ndani ya mtandio.

Kisha Babu hukumbuka miaka hamsini ya ndoa, na kufoka kwamba chai imepoa.

Leo Bibi ameniita pembeni. “Mjukuu wangu, waya wa ile diski kuukuu ni upi?”