Majani ya Mbuzi

"Baba Dady, mwambie asimame!"

Nilishtuka. Tangu tumzike mtoto wetu Dady kule Mesquite tunakoishi, mke wangu hakuwa ameniita hivyo, wala hakuwa amepika. Ndiyo maana nilimleta Jamaika. Wiki nzima alikaa kimya. Siku hii ya mwisho basi lilituzungusha kuona ngome na maporomoko kabla ya kutupeleka uwanja wa ndege, naye hakuinua macho. Nilikuwa nimechoka hata kumbembeleza.

Dereva alisimama. Kando ya barabara mama mmoja alikuwa anang'oa muhogo na kuwatupia mbuzi majani.

"Sombe nzuri hivi, anawapa mbuzi!"

Mke wangu alishuka, akapiga magoti katikati ya mbuzi, akaanza kuchuma majani machanga ya kutwanga sombe. Utomvu mweupe ulimchuruzika vidoleni, akaupangusa kwenye gauni lake jipya.

"Wewe mama, ndege itatuacha," nilimwambia.

"Itakuja nyingine. Muulize huyu dada kama ana kinu."

Dereva alipiga honi. Watalii wenzetu walianza kunung'unika.

Nilishusha masanduku yetu, nikamwambia dereva aende zake.