Duka Lisilofunguliwa Sabato

Tryphosa aligeuza uso upande wa migomba ili asiione ile simu.

"Tazama tu, korera," Celestine akasihi, mkono ukiwa bado umenyooshwa. "Video ni fupi. Uone vile Mathew anakunja kitambaa, hata kama ni mikono tu inaonekana."

"Sitaki kumwona Mathew wako. Mtu ambaye anauza Sabato?"

"Kwani Persis wako hauzi Jumapili?"

Chai ikapoa mezani. Harusi ilikuwa inabisha hodi: Brandon, mwana wa Tryphosa wa Nyanchwa, angemwoa Bonareri, binti ya Celestine wa Suneka, na tayari mama hao waliitana korera, yaani wakwe wenza. Ng'ombe wa mahari walishapelekwa. Hata lile jambo gumu la Muadventista kuoa Mkatoliki lilishapata suluhu, ingawa kwa machozi. Sasa mambo yalikuwa yamekwama kwenye vitambaa vya sare.

Kila mama alikuwa na muuzaji wake wa mtandaoni, na hakuwa tayari kumwacha. Ukurasa wa Persis uliitwa Sabato Njema. Ijumaa jua likielekea kuzama, Persis huandika kwamba amefunga, na hata ukimbembeleza vipi hakujibu mpaka Jumamosi jioni. Tryphosa alimpendea hapo. Mtu anayemwogopa Mungu namna hiyo atakupunjaje nusu mita?

Tena Persis alimjua. Tryphosa alipolazwa kwa ajili ya mgongo, Persis alimwandikia zaburi kila asubuhi, na tangu siku hizo hakumtumia mzigo bila kuutilia leso ya bure. Kupokea simu tu ndiko kulikomshinda. Ungempigia iite mpaka ichoke, kisha ujumbe ungeingia: samahani dada, dukani kuna watu. Tryphosa hakuwahi kumwona uso, lakini alimwamini kuliko baadhi ya wazee wa kanisa.

Mathew naye, kwa maneno ya Celestine, hakuwa na mfano. Ukurasa wake uliitwa Baraka za Rozari. Jumapili hauzi hata uzi. Mama yake Celestine alipofariki, rambirambi za Mathew zilifika kabla ya za majirani.

"Na huwa ananiongezea leso," Celestine akasema.

"Hata wangu," akajibu Tryphosa, kwa sauti ya mtu ambaye leso yake ni bora.

Celestine akasimama. "Basi watu wangu hawavai kitambaa cha Persis."

"Na wangu hawavai cha Mathew."

Wakaachana hivyo, na siku zikapita bila salamu. Bonareri akalia hadi macho yakavimba. Baba yake akaanza kuulizia, kwa upole, ng'ombe wa mahari hurudishwa kwa utaratibu gani. Hapo ndipo Tryphosa aliposhikwa na hofu ya kweli, kwa sababu Brandon hakuwa anakula.

"Mum," kijana akamwambia, "hii harusi ni yetu ama ni ya hao wauzaji? Tafuteni mtu hana kanisa."

Akachakura simu yake, na hakukawia. Amani Vitambaa, mjini Kisii, twauzia wote, karibu ujionee kwa macho. Tryphosa alikubali kwa shingo upande. Celestine alikubali pia, kwa sharti kwamba asisikie jina la Persis njiani.

Alhamisi wakapanda ngazi za jengo moja nyuma ya soko. Mwenye duka alikuwa mwanamume mwembamba aitwaye Onsongo, tepu shingoni, mwenye maneno machache na adabu nyingi. Walipojitambulisha na kusema wametoka wapi, aliwatazama kidogo zaidi ya ilivyohitajika, kisha akamsogezea Tryphosa kiti chenye mto.

"Kaa hapa, mama. Na mgongo siku hizi uko sawa?"

Tryphosa akajua ngazi ndizo zilizomfichua. Akamshukuru, na moyoni akakiri kwamba hata wasio na kanisa wana utu wao.

Wakachagua zambarau, na ajabu ni kwamba hawakubishana. Celestine hata alicheka kidogo. Onsongo akatandaza kitambaa mezani, akapima, akashika mkasi. Harusi ilikuwa imepona.

Lakini Tryphosa hakuwa na raha. Zaburi zote zile, na leo anamzunguka Persis nyuma ya mgongo kama mwizi. Aliona aibu, aibu ya kweli, iliyomchoma kifuani.

"Korera, nivumilie kidogo," akamnong'oneza Celestine. "Lazima nimwambie mwenyewe. Si vizuri asikie kwa watu."

Celestine akaitikia kwa kichwa. Ukweli ni kwamba naye, tangu asubuhi, alikuwa akitafuta namna ya kumweleza Mathew.

Tryphosa akasogea dirishani, akapiga, akiomba kwamba leo, japo leo tu, Persis apokee.

Kwaya ikaanza kuimba ndani ya droo ya Onsongo.

Mkasi ukasimama katikati ya zambarau. Onsongo hakuifungua droo, wala hakuinua macho. Tryphosa akakata simu, na kwaya ikanyamaza. Akapiga tena. Kwaya ikaanza upya, kutoka ubeti wa kwanza.

Celestine akafungua mkoba wake polepole, akatoa simu, akalitafuta jina la Mathew, akabonyeza.

Mle mle ndani ya droo, kengele ya kanisa ikaanza kulia.